Mpira Niliouokota Kabla Sijapewa

Nakumbuka alasiri moja ya upepo wa kusi, mwanangu, nilipoinama kuokota mpira wangu wa gofu, na watu wote waliosimama pale wakanyamaza kana kwamba nimetukana. Mpaka leo nikipita kando ya uwanja ule, pale juu ya mlango wa bandari, mwili hunisisimka.

Nakuhadithia wewe kwa sababu jana ulinijia kibarazani na simu mkononi, ukanionyesha video za mapigo yako marefu, ukanambia handikepi yako imefika tisa na hapo imegoma. Ukaniuliza ununue fimbo gani mpya. Sikukujibu, ukadhani mzee kasinzia. Sikusinzia. Nilikuwa nimeshtuka, maana maneno uliyoyasema ni yangu, niliyasema mimi kabla hujazaliwa.

Kwanza unijue vizuri. Nilizaliwa hapa hapa Kuze, mama yangu akiuza mahamri na mbaazi mlangoni. Nilikwenda Uskochi bila mjomba wa kunipokea. Mchana nilibeba makasha ya samaki kwenye ghala la barafu, jioni nikasoma, na nikarudi na diploma ya ufundi wa majokofu, ya kwanza katika mtaa huu. Karakana yangu ya Ganjoni niliijenga kwa mikono hii, na samaki wa mji huu wamelala kwenye baridi niliyoitengeneza mimi. Wako wasemao najisifu. Basi na wajisifu na wao, kama wanacho cha kujisifia. Chanda chema huvikwa pete.

Gofu niliijulia huko huko. Kule wachukuzi wa samaki hucheza baada ya kazi, ufukweni, kwenye upepo wa kumng'oa mtu kofia. Kwa hiyo niliporudi, kusi ya Mombasa haikunitisha. Nilijiunga na klabu nikiwa na handikepi ya nane. Asiyeujua mchezo aelewe hivi: handikepi ni mapigo unayosamehewa ili ulingane na mchezaji kamili, na kadiri unavyosamehewa machache ndivyo ulivyo hodari. Wengi huzeeka nayo ikiwa kumi na nane. Mimi nilikuwa na nane, na nilihakikisha kila mtu anajua.

Sasa, mwanangu, kuna desturi moja ya mchezo huu. Wawili wakishindana ana kwa ana, mpira wako ukisimama karibu na shimo, mwenzako anaweza kukwambia, "Umepewa." Unauokota, unahesabiwa pigo moja kana kwamba umeutia, na safari inaendelea. Na sisi watu wa pwani unatujua. Kumtazama mtu mzima ameinama anahangaika na kijipira, na wewe ungeweza kumwambia chukua, twaona ni utovu wa adabu. Rafiki yangu Farid, niliyecheza naye kila Jumamosi, hakungoja hata mpira usimame. "Yako hiyo, sheikh," husema, na mimi huokota. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nami nilisifiwa, nikapewa, nikaokota, na handikepi ikabaki nane kama iliyopigwa msumari.

Mwaka ule klabu ilikuwa ikichagua timu ya kwenda kucheza bara. Nafasi zote zilijaa ila moja, na hiyo tuligombea watu wawili: mimi na Mama Njoki. Mama Njoki alikuwa mtu wa bara aliyekuja mjini kufanya kazi bandarini, akapanda mpaka akawa mkubwa wa ofisi, akastaafu, akabaki Ganjoni. Mpira wake ulikwenda mfupi, ila umenyooka kama uzi wa timazi. Mimi nilikuwa nikimpita kwa mbali kwenye kila pigo refu. Nilijua nimeshashinda. Hata kitambaa cha kijani cha koti la timu nilikuwa nimekwisha kumpelekea fundi cherehani, akanipima na kunishonea. Mama yangu naye, Mungu amrehemu, alikwisha kuitangazia Kuze nzima kwamba mwanawe anakwenda kuwafunza watu wa bara.

Tulianza. Kila mpira wangu ulipokaribia shimo, Mama Njoki akasema kwa sauti ya upole, "Chukua, baba. Umepewa." Nikachukua. Shimo la pili, umepewa. La tatu, umepewa, na mwingine ulikuwa mbali kidogo hata nikaona haya. Nikajisemea, huyu mama ana heshima, amekaa na sisi akajifunza. Yeye mwenyewe nilimpa mara moja moja, na mara nyingine alisema, "Ahsante, lakini acha niutie tu," akautia.

Tukafika shimo la mwisho tukiwa sawa. Watu walitoka barazani kututazama, Farid miongoni mwao. Mama Njoki akamaliza. Mpira wangu ukasimama karibu na shimo, urefu wa mkono wangu, pengine usifike. Nikiutia tunakwenda shimo la ziada, na kwenye shimo la ziada nguvu zangu zingemmaliza. Nikapiga hatua, nikainama, nikauokota, nikautia mfukoni.

Farid akageuza uso.

"Swaleh," akasema Mama Njoki. "Nani amekupa?"

Nikamtazama. Nikatafuta sauti yake kichwani mwangu, ile ya "chukua, baba," na sikuipata. Hakuwa amesema kitu. Mkono ulikuwa bado mfukoni umeshika mpira, na sikujua niutoe au niuache.

Sheria ni sheria: ukiokota mpira usiopewa, bila hata kuweka alama pale ulipokuwa, unaongezewa pigo. Pigo hilo moja lilinimaliza. Shimo likaenda, mechi ikaenda, nafasi ikaenda, na koti la kijani lilikuwa limening'inia nyumbani, vifungo vyote vimeshonwa.

Sikumpa mkono vizuri, nilimpa vidole. Yeye akanivuta kiti barazani, akaagiza chai.

"Unaona nimekudhulumu," akasema.

"Umenitega, Mama."

"Nimekutega kwa ukarimu. Ungekataa hata mmoja, mtego ungevunjika. Mbona hukukataa?"

Hakungoja nijibu. Akakoroga chai yake taratibu, macho yake kwenye meli iliyokuwa ikiingia Kilindini.

"Hawa marafiki zako hawakupi kwa sababu unaweza, Swaleh. Wanakupa kwa sababu wanauogopa uso wako ukikosa. Tangu umekuja hapa sijakuona ukitia mpira wa karibu. Nenda sasa hivi, weka mpira pale pale ulipouokota, uutie. Halafu uje uniambie nimekudhulumu."

Nikaenda, mwanangu. Nilikwenda kwa hasira, ili nirudi nimkomeshe. Nikauweka mpira, nikapiga. Ukapita kushoto. Nikaurudisha, ukapita kushoto tena. Wa tatu ukazunguka mdomo wa shimo ukatoka, kama mgeni aliyechungulia nyumba akaona si yake. Mimi, niliyevuka bahari nikarudi na diploma, sikuweza kuusukuma mpira hatua moja. Na kilichonishtua zaidi si kukosa. Ni kwamba nilipogeuka, wale waliokuwa barazani hawakushangaa hata mmoja. Walikuwa wakijua. Wote walijua ila mimi.

Nilimkabili Farid njiani tukirudi. "Kwa nini hukunambia?"

"Ungenisikia?" akasema. "Siku ile nilipokunyima mmoja, hukunisemesha wiki nzima. Mke wangu akaniuliza kama tumegombania shamba."

Usiku ule koti nililitia kabatini, nikalifunika shuka ili nisilione. Nikakaa kitako, na ndipo nikakumbuka kazi yangu mwenyewe. Jokofu likikosa baridi, fundi wa kubabaisha huongeza gesi. Fundi aliyesoma hutafuta panapovuja. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiongeza gesi. Nilinunua fimbo mpya, nikatafuta pigo refu zaidi, nikapiga mipira mpaka ngozi ya viganja ikabanduka. Panapovuja sikuwahi kupatazama, kwa kuwa palifunikwa na wema wa watu.

Kesho yake nilitandaza zulia ukumbini, ghorofani, nikachukua kikombe cha kahawa, hivi vidogo visivyo na mkono, nikakilaza ubavu kando ya ukuta. Kila alfajiri baada ya swala, kabla ya kwenda karakana, nikasukuma mpira kuingia kikombeni. Kikombe kilikuwa chembamba kuliko shimo la uwanjani, na hiyo ndiyo ilikuwa shabaha yangu. Tak. Tak. Tak. Mama yangu chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

"Swaleh! Ndiyo diploma hiyo?"

Mtaa mzima ukajua. Wazee wa barazani wakaniita Mskochi. "Mskochi, kahawa imeingia leo, au imemwagika?" wakaniuliza kila nilipopita, na wakacheka mpaka kofia zikawaanguka. Nami nikajibu, "Bandu bandu huisha gogo," nikapita. Kucheka kwao kulinifaa kuliko kule kupewa, kwani anayekucheka angalau amekutazama.

Alasiri, baada ya kazi, nilikwenda uwanjani. Wenzangu walipiga mapigo marefu kuelekea baharini, nami nikabaki kwenye majani mafupi kando ya shimo, nimeinama, mgongo unaniuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilijifunza kwamba kusi inapovuma kutoka baharini huusogeza hata mpira ulio karibu, nikajifunza kusimama nisitikisike shati linapopepea. Na nikamwambia Farid, "Kuanzia leo ukinipa mpira, nakudai chakula cha mchana." Alinipa mmoja kwa mazoea. Nikala biriani yake.

Sikwambii kwamba ilikuwa rahisi. Mwanzo handikepi ilipanda, maana mapigo niliyokuwa nikisamehewa sasa niliyahesabu. Hilo nalo lilinishtua. Nilidhani bidii hulipa siku ile ile. Kisha ikasimama. Kisha, bila fimbo mpya, bila pigo langu refu kuongezeka hata shubiri, ikaanza kushuka. Saba. Sita. Mwaka ulipozunguka ilikuwa tano, na hakuna aliyenipa hata mmoja.

Timu ikachaguliwa tena. Nafasi ya mwisho, mimi na Mama Njoki tena. Safari hii hakunipa kitu tangu shimo la kwanza, wala mimi sikumwangalia. Tukafika la mwisho tukiwa sawa, na mipira yote miwili ikasimama karibu na shimo, wake mbali kidogo kuliko wangu, nami nimetumia pigo moja pungufu. Alikuwa ametoka kuugua goti, nikaona alivyokuwa akiinama kwa shida. Farid akaninong'oneza, "Mpe, mama wa watu."

Ulimi ulikuja mpaka kwenye meno. Nikaurudisha. Mama Njoki akaniangalia, akaona nimenyamaza, na uso wake ukachangamka kama wa mgeni aliyepokewa kwa heshima. Akainama na goti lake, akautia.

Ikabaki zamu yangu. Nikiutia, nafasi ni yangu. Yeye akaangalia bahari. Hakusema umepewa, wala mimi sikungoja aseme. Kusi ilikuwa ikipiga shati langu. Nikasimama kama nilivyosimama juu ya zulia, nikakiona kikombe cha kahawa, nikasukuma. Niliusikia ukianguka ndani kabla sijainua macho.

Mama Njoki akaja akanipa mkono, wa kweli, nami nikaupokea kwa mikono miwili. "Moyoni nilikuwa nimeshakupa," akasema. "Ulimi ndio uliokataa."

Nikaenda bara na koti langu la kijani, limekaa kabatini mwaka mzima, linanuka karafuu za mama. Handikepi yangu ilifika nne kabla magoti hayajaniasi, na ukitaka kujua kama najivunia, ndiyo, najivunia, na nitajivunia mpaka kaburini. Lakini ile nane sijivunii. Ile nane nusu yake ilikuwa ya Farid.

Basi, mwanangu, jibu lako ndilo hili. Fimbo mpya usinunue. Wewe umeshakuwa mzuri, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mtu mbovu huambiwa na kila apitaye, lakini aliyekuwa mzuri huogopwa, na anayeogopwa husamehewa mpaka akaoza. Jumamosi hii waambie wenzako wasikupe hata mpira ulio mdomoni mwa shimo. Tia kila mmoja. Utashtuka, nami nakuombea ushtuke mapema, ukiwa na mwaka mbele yako, usishtuke kama mimi, mbele za watu, na koti limekwisha kushonwa. Pale utakapokosa ndipo pa kuinamia kila siku, wakuite Mskochi wakikuita. Na ukimpata mtu wa kukunyima kilicho karibu, mshike, mwagizie chai, maana wa kukupa hawakosekani mjini.

Mungu akupe mgongo wa kuinama na macho ya kuona panapovuja. Akujaalie marafiki wakweli, na ufikapo uzeeni uwe na kitu cha kujisifia ambacho hukupewa na mtu. Amina. Sasa nenda hapo ndani, kikombe cha kahawa kiko juu ya kabati. Kilaze ubavu.