Siku Kompyuta Ilipomkana Mtoto Anayenyonya

Jamani, chekeni tu, aibu hii nilishaicheka mwenyewe mpaka nikachoka. Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta Lodwar (fundi peke yangu, kwa hiyo hodari kuliko wote), nikaitwa kambini Kakuma, ambako diski yenye majina ya familia za wakimbizi ilikuwa inakata roho. Nikainakili yote kwenye diski mpya, vizuri kabisa, ila ndani ya mashine nikaiacha pia diski ya akiba niliyotoka nayo Lodwar, yenye majina ya zamani, ya kabla ya mvua. Na niliona kwa macho yangu kwamba hiyo ya zamani imejitwalia herufi D (kompyuta huiita kila diski kwa herufi yake), majina mapya yamesukumwa hadi E, na programu haijui pengine ila D. Lakini joto lile, vumbi lile, na bisibisi nilishaitia mfukoni! Nikasema nitazibadilisha herufi nikishakunywa chai.

Chai ikawa ndefu. Niliporudi karani alishaanza kazi, foleni imejaa dirishani, na mbele kasimama mama mmoja Msudani, mtoto yuko kifuani ananyonya, na kompyuta inasema huyo mama ana mume lakini hana mtoto, yaani mtoto hana chakula.

"Mume alikufa," mama akasema. "Mimi nilikuja kusema hapa hapa."

Badala ya kunyamaza nikaangalie, mimi na kiherehere changu nikapaza sauti mbele ya watu wote, "Mama, kompyuta haidanganyi. Huyo mtoto hayuko."

Akamtazama mtoto, akanitazama mimi. "Hayuko? Sasa nani ananyonya mimi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, hata askari wetu Mturkana aliyekuwa anasinzia akaamka, akanisalimu kwa Kiturkana. "Ejok, fundi! Hiyo kompyuta yako imezaa watoto ngapi?"

Nikaifungua mashine jasho likinitiririka, nikaichomoa diski ya zamani, D ikarudi kwa majina mapya, mtoto akatokea na mgawo wake, mume akatoweka. Nikamweleza mama kwamba mashine ilikuwa inasoma majina ya kabla ya mvua, nikidhani atanitukana. Akauliza polepole, "Kwa hiyo asubuhi yote, humo ndani, baba yake alikuwa mzima?"

Nikasema ndiyo. Akamfunika mtoto kichwa, akaenda kuchukua chakula, na hakuna aliyecheka tena.

Nimenakili diski nyingi tangu hapo, na hata nichoke vipi naichomoa ya zamani kwanza, maana sitaki mtu mwingine aniulize swali lile.