Mama, Nesi na Binti wa Kwaya

Mama yangu aliamini kwamba kutoa mimba ni kuua, na alilisema hilo popote: kanisani, sokoni alikouza mitumba, hata kwenye foleni ya maji. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha kanisa letu pale mtaani Mirongo. Jirani yetu wa ukuta mmoja, muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Nesi tu, aliona tofauti. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye wodi ya wanawake.

"Sheria yenu haizuii mimba kutolewa," alikuwa akimwambia mama wakichambua dagaa barazani. "Inazuia tu zisitolewe mahali safi."

"Na aliye tumboni nani atamtetea?" mama alimjibu.

Walibishana mpaka dagaa wakaisha, kisha wakagawana kitoweo.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, namsaidia mama kuuza. Ilikuwa miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vilipoota kando ya ziwa, na ghafla kila mtu akawa mfanyabiashara. Ada, dawa, karo ya twisheni, kila kitu sasa kilikuwa juu ya mtu mwenyewe na familia yake.

Mchana mmoja Nesi aliingia kwetu amemshika mkono binti wa kwaya yetu, bado yuko kwenye sare ya shule.

"Shikamoo mama," binti alisema akitazama sakafu.

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

Nesi ndiye aliyeeleza. Binti alikuwa mjamzito. Asubuhi ile shule ilikuwa imemfukuza, baba yake akamwambia asikanyage tena nyumbani, na rafiki yake mmoja akampa chupa ya dawa ya mizizi ya kutolea mimba. Alikwenda kwa Nesi kuuliza kama ikinywewa inaua.

"Nimeimwaga," Nesi alisema. "Ingemuua. Lakini mimi nimeishia hapo, jirani. Wewe ndiye unayesema azae. Haya, azalie wapi?"

Nilidhani mama angekasirika. Alimgeukia binti. "Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Sitaki kufa, mama. Na sijui nilale wapi leo."

Mama aliniagiza nitoe marobota ya mitumba chumbani kwangu. "Utalala na mdogo wako," akasema. Hakumwita kwa jina lingine mbele yangu tangu siku hiyo: mdogo wako kala? Mdogo wako amekunywa vidonge vyake vya damu?

Jumapili iliyofuata kikundi kilikutana baada ya ibada. Nilikaa karibu na dirisha. Mama mmoja mnene, muuza vitambaa, alisimama kabla hata ya sala ya kufungua.

"Mwenyekiti, unalea uovu. Mabinti zetu wataona mimba ni kitu cha kubembelezwa. Mimi nasema atolewe kwenye kwaya."

"Na aliyemleta kwako ni yule nesi muuaji," mwingine akadakia.

Mama alisubiri watulie.

"Tumeimba humu kwamba mtoto wa tumboni ni wa Mungu," alisema. "Sasa tumbo lenyewe limefika mlangoni kwangu, mnaniambia nilifukuze. Kwa hiyo tulikuwa tunaimba nini? Mnataka binti atoke kwenye kwaya? Sawa. Na mpiga kinanda naye atoke, maana mimba ni yake, amekiri mbele yangu na mbele ya wazazi wake."

Mama wa mpiga kinanda alikuwa ameketi mstari wa mbele. Aliinamisha kichwa.

"Na Nesi asiitwe muuaji mbele yangu. Sikubaliani naye, wala sitakubaliana naye. Lakini amewafumba macho mabinti waliofia wodini, ambao sisi hatukwenda hata kuwazika. Chupa ilikuwa mkononi mwake, akaimwaga. Mkimsema, mseme na hilo."

Mchungaji aliamua wote wawili wakae nje ya kwaya hadi mtoto azaliwe, kisha warudi wote. Uchaguzi uliofuata, mama alinyimwa kiti. Alirudi nyumbani siku hiyo akapika ugali kama kawaida na kula vizuri.

Nimekaa kwenye mijadala mingi ya jambo hili, na mimi niko upande wa mama. Nalisema bila kupepesa macho. Ila siwezi kumchukia anayesema kama Nesi, na anayesema kama mama huwa namuuliza kwanza nyumba yake ina nafasi kiasi gani.

Binti alijifungua salama, mtoto wa kike. Nesi ndiye aliyemsindikiza hospitali na kukaa naye mpaka mwisho. Yule muuza vitambaa alikuja na khanga mbili na sabuni, akafua nepi zote zilizokuwa kwenye beseni, akaondoka bila maneno mengi.

Baba wa binti alikuja mtoto akiwa ameshaanza kukaa. Alisimama mlangoni hajui aanzie wapi. Mama akamwekea kiti, akampa chai, na akampakatisha mjukuu wake. Wiki ile ile baba huyo aliwapeleka binti na mtoto kisiwani, Nansio, kwa bibi yao, na huko binti akajifunza cherehani. Ana duka lake sasa, anashona sare za shule.