Mushtari Juu ya Mbuzi ya Nazi

Wiki mbili zilizopita binti yangu aliletewa darubini na baba yake mdogo. Ilikuja ndani ya boksi refu, pamoja na miguu yake mitatu ya chuma na kitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa lugha saba, yetu ikiwa haimo. Siku hizi tunakaa Chukwani, nyumba ya paa bapa, na alasiri ile ile mtoto aliikumbatia darubini yake akashika ngazi kwenda kuijaribu juu. Mimi nilikuwa jikoni napepeta mchele. Kabla sijafikiri nikausikia ulimi wangu unauliza, "Ushabisha?"

"Nibishe wapi, Mama? Paa si letu?"

Nilicheka peke yangu mpaka mchele ukamwagika. Hakuwa na kosa, kwa sababu hakuna aliyepata kumwambia. Nikamwita ashuke, nikamkalisha kwenye kigoda, nikamhadithia haya ninayokuhadithia wewe sasa.

Mimi nililelewa na bibi yangu Mji Mkongwe, katika nyumba ya ghorofa mbili si mbali na Darajani. Kama umepita vichochoro vile unajua nyumba zilivyobanana. Ukiwa chini huoni kitu isipokuwa ukuta na kipande cha mbingu, lakini ukipanda paani unaona kila kitu, na hapo ndipo ilipo shida. Wanawake wa mtaa walikuwa wakianika nguo juu, wakikausha nywele, wakipakana hina, vichwa wazi, kwa amani. Kwa hiyo nyumba zetu zilikuwa na ada moja: mtu hatoki paani kimya kimya. Kwetu palikuwa na mchi wa zamani umeegemezwa kwenye mlango wa juu. Unagonga mlango mara tatu, unasubiri kidogo ili wa paa la pili wajistiri, ndipo unatoka. Nilijua kugonga mchi ule kabla sijajua kusoma.

Bibi na jirani yetu, mama wa nyumba ya pili, walichangia ukuta mmoja, na walichangia pia sahani moja, ya kauri, yenye maua ya buluu. Hakuna aliyekumbuka ilianza kuwa ya nani. Bibi akipika samaki wa kupaka, sahani inakwenda. Kesho yake inarudi na mandazi, au maembe mabichi yaliyokatwa yakapakwa pilipili na chumvi, au hata ndimu tatu tu kama siku hiyo hakukupikwa. Ilimradi haikurudi tupu. Mimi ndiye niliyekuwa mchukuzi wake, na njiani nilikuwa nikidokoa.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili mwalimu wetu wa sayansi alipochora ubaoni duara kubwa na nukta nne ubavuni. Akasema hii ni sayari ya Mushtari, na ina miezi mingi, lakini minne mtu anaweza kuiona akiwa nyumbani kwake, kwa bomba na vioo viwili. Darasa zima lilicheka, kwa sababu mwalimu yule alikuwa mtu wa mizaha. Mimi sikucheka. Nilimfuata nje baada ya kengele, akanieleza kila kitu huku akila kashata, na makombo yakimwangukia kwenye tai.

Kioo cha kwanza nilikipata ndani ya kabati la Bibi. Ilikuwa miwani yake ya kwanza ya kusomea, imevunjika mkono mmoja, na nguvu yake ilikuwa ndogo. "Chukua," alisema, "macho yangu yashaipita." Nilikishika kioo mbele ya ukuta, nikawa narudi nyuma taratibu, mpaka dirisha la sebuleni likajichora ukutani, dogo, kali, limepinduka juu chini. Nikapima kwa uzi kutoka kioo hadi ukuta. Huo ndio urefu wa bomba, mwalimu alisema. Bomba lenyewe, la plastiki la kupitishia maji, nilipewa kipande na fundi wa Mlandege ambaye hakuuliza la nini.

Ndani ya bomba lazima pawe peusi, ama sivyo mwanga unarukaruka. Nikakwangua masizi chini ya sufuria za Bibi, nikayakoroga na wanga aliokuwa akitilia kanzu za mjomba wangu, tuliyekaa naye nyumba moja, nikapaka kwa kitambaa kilichofungwa kwenye ufito. Nilichafua mikono, nilichafua sakafu, nilimchafua paka. Bibi alisimama mlangoni akanitazama. "Miaka yote nnakwambia usugue masufuria," akasema, "leo ndo umeona faida ya masizi."

Kioo cha pili, kile cha kuwekea jicho, niliazimwa na sonara wa mtaani, mzee aliyekuwa akikibana jichoni anapokagua pete. Alinipa baada ya kuniapisha kwamba sitakiacha juani. Nikakifunga kwenye mrija wa kalenda ya zamani, ukawa unaingia na kutoka ndani ya bomba. Sasa ikabaki miguu. Nilijaribu kiti, ikatikisika. Nilijaribu matofali, ikaanguka, na moyo wangu nao. Ndipo nikamwona Bibi amekaa anakuna nazi, na nikakitazama kile kibao alichokikalia, kilivyolala mshazari kuelekea juu. Mbuzi ile ilikuwa ya kukunja. Ukiifungua sana kibao kinalala, ukiibana kinasimama. Nilikuwa nimehangaika mtaa mzima na dawa ilikuwa chini ya makalio ya Bibi.

Alikubali kwa sharti. Meno ya mbuzi yafungwe kitambaa, na mbuzi irudi jikoni kila siku kabla ya nazi ya mchana. Nikalifunga bomba kwenye kibao kwa vipande vya kanga iliyochakaa.

Mwalimu alikuwa ameniambia nijaribu kwanza mchana, kwa kitu kilicho mbali, nizoee kuvuta na kusukuma mrija. Basi Alhamisi, baada ya Alasiri, nikapanda. Mkono mmoja mbuzi, mkono wa pili bomba lisiyumbe. Mlango nikausukuma kwa bega, na sikugonga. Nakwambia kweli, mchi niliuona. Nilijisemea nikishaweka vitu chini nitarudi nigonge, halafu nikaliweka bomba juu ya ukingo wa paa, nikauelekezea mnara wa msikiti, na nikasahau dunia nzima. Mnara ule ulikuwa upande wa pili wa paa la jirani, sambamba kabisa. Nilichuchumaa nyuma ya ukingo, navuta mrija, nasukuma mrija, mpaka kilele cha mnara kikatokea kimening'inia kichwa chini. Nilisikia kandambili zikikimbia ngazi za nyumba ya pili. Nikadhani maji yametoka wanakwenda kujaza ndoo.

Jioni ile sahani ikarudi. Aliileta binti mdogo wa jirani, akaiacha kizingitini akaondoka bila ya salamu. Ilikuwa imeoshwa, imefutwa, na haina kitu. Bibi aliigeuza mara mbili kana kwamba huenda kitu kimejificha upande wa chini.

Baada ya Magharibi jirani alikuja mwenyewe, na hakukaa. Alizungumza kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kelele. Alisema wanawe watatu walikuwa juu, mkubwa ametoka kuosha nywele, wakaona mdomo wa bomba unawatazama kutoka ukingo wa paa letu, na mtu amejificha nyuma yake. Katika nyumba hii, alisema, kuna kijana ambaye hajaoa. Alimkusudia mjomba. Binti yake mkubwa ameshaposwa, na watu wa mume wakisikia kwamba kuna mwanamume anamchungulia kwa mtambo, posa itarudi, na jina la mtoto litabaki midomoni mwa watu. Mjomba wakati ule alikuwa dukani Mlandege anauza vitambaa, lakini nani angekwenda kula kiapo hicho nyumba kwa nyumba?

Nilitoka nyuma ya pazia nikamwambia ni mimi. Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, unamkinga mjombako. Mtoto wa kike na bomba, wapi na wapi?"

Hilo ndilo lililoniumiza. Kosa nililifanya na nilikuwa tayari kulipokea, lakini hakuweza hata kuamini kwamba ni langu. Baada ya yeye kuondoka Bibi alilichukua bomba akalitia chini ya kitanda chake. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kama nyumba ya pili haikuridhika, lile bomba halitapanda tena paani, na kioo kitarudi kwa sonara. Siku tatu sahani ilikaa rafuni. Bibi alipika, akapakua, akaitazama, akaacha. Mjomba akawa anaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mimi nilikuwa nalala na kulia, nikijua kwamba nimevunja kitu ambacho wenyewe walikitunza kabla sijazaliwa.

Siku ya nne, jua likikaribia kuzama, Bibi akavaa buibui lake. "Chukua mbuzi," akasema, "na bomba."

Tulibisha hodi nyumba ya pili. Nikatoa shikamoo, ikaitikiwa kwa sauti ndogo. Bibi hakuzunguka maneno. "Sikuja kukwambia utuamini, mwanangu. Nimekuletea chombo chenyewe. Kiweke paani kwako, kitutazame sisi."

Jirani akamwita binti yake mdogo, akamtuma akagonge mlango wa juu.

Tulisali Magharibi, tukapanda. Fundo la kanga lilinishinda, Bibi akalifunga. Mushtari alikuwa upande wa mashariki, juu kidogo ya paa letu, mng'avu, hatikisiki. Chini yake ilikuwepo kamba yetu ya nguo. Jirani aliinama, na kwanza, kama ningefanya mimi au wewe, akatazama nyumbani kwetu.

"Bi, kanga yako inaning'inia juu chini," alisema.

"Ndiyo maana haikauki," Bibi akajibu, na nikasikia mabinti wakicheka mlangoni.

Nikaibana mbuzi taratibu, bomba likainuka, nikamtafuta Mushtari, nikamkosa, nikamtafuta tena. Nilipompata nilisahau nimekwenda kwa watu nyumbani kwao nimekosa. Alikuwa duara, kitu kizima, siyo nukta. Na ubavuni mwake, kwenye mstari mmoja, palikuwa na vitone vitatu. Nikajitenga haraka, maana anatembea, usipowahi anatoka kiooni. Jirani akaweka jicho.

"Hivi vitatu ni vumbi?"

Nikamwambia ni miezi yake, na wa nne amejificha nyuma yake au yuko mbele yake. Alikitoa kioo cha sonara akakifuta kwa ncha ya ushungi, akakirudisha, akaangalia tena. Vilikuwepo. Akaanza kuniuliza, na bado jicho liko pale pale. Nani kapima? Nani kafunga? Huu weusi wa ndani wa nini? Nikamjibu moja moja. Ndipo akajiinua, akaushika mkono wangu, akausogeza kwenye taa ya mlangoni. Siku nne nilikuwa nimesugua na masizi bado yamejaa kwenye kucha.

"Basi ndiye wewe," alisema.

"Ndiye mimi. Sikugonga, Mama. Nisamehe."

Alitazama juu kwa macho matupu, kule kwenye ile nyota ambayo sasa alikuwa na siri yake. "Na kesho vitakuwa pale pale?"

"Vitahama."

"Basi kesho uje, nione."

Nikaenda kesho, na keshokutwa, na mwezi mzima. Jirani akawa anachora vitone kwa mkaa kwenye ukingo wake uliopakwa chokaa, kila siku mstari wake, na akawa mkali kuliko mwalimu: nikichelewa ananipigia ukuta. Posa haikurudi. Bibi harusi mwenyewe, hina mbichi mikononi, alitazama Mushtari huku nikimshikia nywele zisiguse bomba. Na sahani, siku ya pili ya usiku ule wa kwanza Bibi aliipeleka na samaki wa kupaka, ikarudi na mkate wa kumimina mzima, bado wa moto. Bibi aliula amesimama pale pale mlangoni, yeye ambaye alitukataza kula tumesimama.

Bibi hayupo tena. Jirani aliwafuata wanawe ng'ambo, na nyumba yake ni hoteli sasa. Nilipanda huko siku moja, nikakuta viti na taa za rangi, na ukingo wenye mistari yetu ya mkaa umepakwa rangi mara sijui ngapi. Duka la sonara limefungwa. Bomba sijui lilikwenda wapi. Mbuzi ninayo mimi, lakini nazi siku hizi nanunua iliyokwisha kunwa. Yote hayo nimeyazoea. Kilichonishika nilipokuwa namhadithia binti yangu ni kingine: tumekaa Chukwani miaka mitatu, na nilikuwa simjui jirani yangu kwa sura.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiteremsha darubini yake ngazini, akaniuliza tuna sahani gani.

Tukapika mkate wa kumimina. Magharibi yake tukabisha hodi ng'ambo ya ukuta, mimi na sahani, yeye na boksi lake. Alitufungulia mwanamke kijana, mtu wa Makunduchi, mtoto kiunoni, akastaajabu. Binti yangu hakuningoja. Akamwambia tumekuja kubisha kabla ya kupanda paani, na kwamba darubini itaanza kwake. Yule mama alicheka, akawaita wanawe wengine. Tulimtafuta Mushtari pamoja, kwenye paa lake, tukitazama juu ya nyumba yetu, na binti yangu alihesabu miezi yote minne kwa sauti.

Asubuhi nilisikia hodi. Alikuwa mwanawe wa pili, amebeba sahani yetu kwa mikono miwili, amefunika kawa juu. Nikaipokea. Ilikuwa nzito.