Mijusi Katika Kabati la Chipsi

Hadi leo naisikia ile sauti: mlio mwembamba wa kukwaruza, kama mlango mdogo usiotiwa mafuta. Kabla yake kioo kilipasuka, na kabla ya kioo ilipiga nyundo, lakini hivyo vimenitoka. Ukiishi Segese, kwenye machimbo ya dhahabu, ukakumbuka kila nyundo hutalala. Mimi nakumbuka mjusi wangu akilia.

Walikuwa wawili, wa njano, wenye madoa meusi kama chui na mikia minene kama kidole gumba cha mwanaume. Mama mdogo, ninayeishi naye, alipewa na mzungu mmoja aliyekuwa akimfanyia kazi za ndani kule Kahama, siku huyo mzungu anafungasha kurudi kwao. Aliwaleta kwenye boksi la viatu, kalishika mbali na mwili kama kabeba nepi ya mtoto wa jirani.

"Wanafumba macho," aliniambia. "Mjusi gani anafumba macho kama mtu? Kawatupe chooni, ng'wanone, mwanangu."

Nikafungua boksi. Mmoja akanitazama, akafumba jicho moja, akalifumbua. Basi, nikaisha. Pale pale nililiona duka langu la wanyama Kahama mjini, vioo vitupu, watoto wamegandisha pua nje. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini simu ninayo, na nisichokijua nilikitafuta humo.

Mama mdogo alikuwa na kabati la chipsi lililobaki baada ya biashara yake kufa, lenye vioo pande tatu na balbu ya kupashia. Balbu nikaihamishia kona moja, maana mjusi huyu anataka upande wa joto na upande wa ubaridi, achague mwenyewe. Chini ya balbu nikaweka jiwe bapa. Upande wa pili nikaweka kopo la siagi nililolitoboa mlango, ndani yake kitambaa kibichi, ajifiche humo siku za kuambua ngozi. Kifuniko cha soda ndicho kilikuwa kisima chao. Panzi nilikamata mwenyewe kwenye majani nyuma ya choo.

"Chipsi mijusi leo shilingi ngapi?" aliniuliza dada anayekaanga samaki chumba cha jirani.

"Zimeisha, dada. Wahi kesho."

Mchanga ndio ulioniponza. Mchanga laini kuliko wote uko nyuma ya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, lakini hayo ni marudio, mabaki ya mawe yaliyosagwa: yameshapitiwa na zebaki, ingawa dhahabu kidogo hubaki humo. Ningewezaje kuwalaza wanangu kwenye sumu? Nikaenda hadi mtoni kulikokauka, nikachota ndoo moja, nikaja kuuosha uani kwenye beseni. Nazungusha, namwaga maji machafu, nazungusha tena. Sasa fikiria mwenyewe: binti anazungusha mchanga kwenye beseni, huku kwetu. Aliyepita alijua anaosha dhahabu. Na asiye na shimo wala karasha, mchanga wa kuosha kautoa wapi kama hakuiba?

Siku chache nyuma kijana mmoja alikutwa na nusu mfuko wa marudio. Nilikuwa narudi na maji nikaona wanavyompiga kwa mipini ya sululu, mpaka mikono yake ikachoka kujikinga kichwa. Kesho yake damu ilikuwa bado pale njiani, watu wanairuka wakienda sokoni. Kwa hiyo mchana ule mlinzi wa karasha alipoingia chumbani na nyundo, vijana wawili nyuma yake, nilijua nimefikiwa.

"Shikamoo," nikasema.

Akanijibu kwa kofi. Niliangukia ndoo, mdomo ukajaa damu.

"Marudio ya bosi yako wapi?"

"Ni mchanga wa mtoni, baba. Wa mijusi."

"Wa mijusi," kijana mmoja akacheka. "Na mimi shimoni nachimbia kuku."

Akanikamata nywele, akanikandamiza uso sakafuni. Nyundo ikashuka kwenye kabati. Balbu ikapasuka, vioo vikanimwagikia mgongoni, na mlinzi akatia mkono kuchota mchanga. Akamshika mjusi mkubwa bila kujua. Ndipo ile sauti. Alipomtupa, mkia ulibaki kiganjani kwake, ukaruka peke yake hadi sakafuni, ukawa unajipiga huku na huku, unapinda, unaruka tena, hauna kichwa wala miguu.

Nywele zangu zikaachiwa.

"Huyu binti ana vitu," mlinzi akasema, sauti imeshuka.

Alimaanisha uchawi, na neno hilo kwetu huua kuliko kuitwa mwizi. Mama mdogo, aliyekuwa kasimama mlangoni, yeye ambaye hata boksi hakutaka kulikumbatia, akapita katikati yao, akainama, akauokota ule mkia kwa mkono mtupu. Ukampiga vidole. Hakuuachia.

"Nyama tu hii," akasema. "Mjusi akishikwa anaacha mkia akimbie. Hamjawahi kumkosa wa ukutani? Haya, shika uone."

Hakuna aliyeshika. Waliuchota mchanga wakautia kwenye mfuko, waende kuupima dhahabu, wakatoka kinyumenyume. Mlinzi akiwa kizingitini ndipo akasema, "Marahaba."

Mchanga, tulisikia baadaye, haukuwa na kitu.

Mama mdogo alienda kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla maneno hayajamtangulia. Nikabaki natafuta kati ya vioo. Mdogo alikuwa ndani ya kopo la siagi, mzima, kafumba macho. Mkubwa alikuwa chini ya kitanda, kabaki na kisiki cha mkia, baridi kama jiwe la kisimani. Simu ilishanifundisha kuwa akiba yake yote ya chakula ilikuwa kwenye ule mkia, na bila joto tumbo lake halisagi kitu. Balbu hakuna. Mvua ikaanza kugonga bati.

Nikawasha mkaa. Nikalitoa lile jiwe bapa, nikalifuta vipande vya kioo, nikaliweka pembeni ya jiko. Lilipopata moto nikalijaribu kwenye shavu, lile lisilovimba. Kali mno. Nikalipuliza, nikalijaribu tena, nikalifunga kwa kanga, nikamlaza juu yake.