Nilipokuwa Plutoni Pale Swima

Harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, wanaoanza kukauka mchangani haifanani na ya samaki mwingine. Ina jua ndani yake, ina chumvi, na ina uchungu kidogo unaobaki kooni. Ikiwafikia watu wengine, wanakumbuka ugali wa muhogo na njaa inawashika. Mimi nakumbuka Plutoni, na hasira inanipanda hadi leo.

Nilikuwa msichana wa darasa la sita. Mwalimu wetu, Wilondja, alikuwa na sauti kubwa na kitabu kimoja cha zamani kilichopoteza jalada. Tulipofika kwenye somo la jua na sayari zake, alichora kila kitu ubaoni, akatazama kazi yake kwa muda, kisha akaifuta yote kwa kiganja.

"Huu ubao unabongopea batoto," alisema. "Unaweka vyote karibu karibu kama bajirani. Kesho tutatoka inje."

Kesho yake alitundika bidoni, yaani dumu, ndogo ya njano, ya mafuta ya mawese, kwenye mlingoti wa bendera. Hilo ndilo lilikuwa jua. Alisema tumsamehe, jua la kweli ni la mviringo na halina mshikio. Kisha akatugawia sayari tulizopangiwa jana yake. Dunia yetu ilikuwa punje ya mtama. Ile kubwa kuliko zote ilikuwa ngazi, tunda moja la mchikichi. Alimasi, rafiki yangu na msumbufu wangu, alipewa haragi moja, punje ya haragwe: yeye alikuwa Neptuni. Mimi nilikuwa wa mwisho. Mwalimu aliniwekea chumvi kidogo kwenye kikaratasi, akasema nikifika nichague chembe moja tu, hiyo ndiyo Plutoni.

"We uko mupole," aliniambia. "Hautachoka kungoja."

Wenzangu walicheka. Mimi nilifurahi, na nitawaambia kwa nini. Tangu darasa la kwanza sikuwahi kusema kitu mbele ya watu bila sauti kunikauka. Jana yake kila mtoto alikuwa amepewa sentensi moja ya Kifaransa ya kusema akirudi, mbele ya mkurugenzi wa shule ambaye angekuja kutazama somo. Yangu ilikuwa: "Je suis Pluton, un monde de glace." Yaani, mimi ni Plutoni, dunia ya barafu. Nilikuwa nimeisema nikichota maji, nikipepeta unga, nikiwa chooni. Mara moja tu maishani nilikuwa nimegusa barafu, kwenye sanduku la wachuuzi wa samaki kule mjini Baraka, na nilivuta mkono haraka nikidhani imeniunguza. Kwa hiyo niliona kwamba neno hilo ni langu kabisa. Na kwa kuwa nilikuwa wa mwisho, sentensi yangu ndiyo ingefunga somo.

Shule yetu ya Swima iko juu, kwenye mteremko. Sayari za kwanza zilibaki uwanjani, zikisukumana. Nyingine zilishuka kwenye njia kati ya mashamba ya mihogo. Alimasi alisimama kando ya barabara kubwa. Mimi nilivuka barabara, nikaenda, nikaenda, hadi mchangani, ziwani kabisa, mahali wanapoanika ndagala. Filimbi ya mwalimu isingefika huko. Kwa hiyo tulikubaliana: kila mmoja atamtazama aliye mbele yake, na akiona mkono umeinuliwa, naye atainua wake kabla ya kurudi. Mimi nilipaswa kumtazama Alimasi.

Niligeuka kulitafuta jua. Lilikuwa doa la njano, dogo kama tundu la sindano, juu ya mteremko. Nilipopepesa macho lilipotea, kisha nikalipata tena. Nilistaajabu sana. Nikasema moyoni, hili nalo nitawaambia.

Mama Echa, aliyekuwa akigeuza samaki wake, aliniona nimesimama kama mti.

"We mutoto, uko unafanya nini hapo?"

"Niko Plutoni, mama."

"Uko nani?"

"Plutoni."

"Plutoni mutoto ya nani?" Akanitazama vizuri. "Sawa, Plutoni. Kama uko unasimama bure, fukuza ile mabata, iko inakula samaki yangu."

Basi nikawafukuza mabata, jicho moja kwa bata, jicho moja kwa Alimasi. Baada ya muda nilimwona akitazama juu kwa mwalimu. Nikakunja kikaratasi, tayari kukimbia. Lakini Alimasi hakuinua mkono. Alianza tu kupanda njia, taratibu, bila hata kugeuka.

Nilidhani anakwenda kuuliza kitu. Nikangoja. Ziwa likabadilika rangi, upepo ukaja, na Mama Echa akaanza kupiga kelele kwamba mvua iko inakuja. Tulikusanya ndagala kwa mikono, kwa sahani, kwa kitenge chake. Aliniita nijikinge chini ya hema lake. Nilikataa. Kama ningetoka pale pangu na mkono ukainuliwa, nani angeuona? Nikanyeshewa, nikiirudia sentensi yangu, meno yakigongana. Kwa dunia ya barafu, nilifaa kabisa.

Mwishowe nilipanda mwenyewe. Bidoni ilikuwa imeshushwa. Wote walikuwa wameketi darasani, wakavu. Mwalimu aliponiona mlangoni, uso wake ulibadilika.

"Kumbe! Ulikuwa kule bado?"

Kisha akaeleza, bila kunitazama sana. Mkurugenzi alikuwa amemkosoa katikati ya somo: kitabu chake ni cha zamani, siku hizi Plutoni haihesabiwi tena na sayari, zimebaki nane. Kwa hiyo alikuwa ametuma neno, mtoto kwa mtoto, hadi kwa Alimasi, kwamba mstari unaishia kwake na arudi.

Nilifungua kikaratasi. Chumvi ilikuwa maji. Nilifungua mdomo pia.

"Kaa chini, mama," mwalimu alisema kwa upole. "Tumeisha maliza."

"Plutoni, balikutosha mu mustari!" Alimasi alipiga kelele, yaani wamenitoa kwenye mstari, na darasa likacheka hadi kengele. Jina hilo lilinibakia. Hata leo, Alimasi akija kununua samaki, ananiita hivyo.

Maana sasa mimi ndiye ninayeanika pale, karibu na Mama Echa. Na ni pale, nikigeuza ndagala na redio imewekwa juu ya jiwe, niliposikia habari yangu. Walieleza kwamba Plutoni iligunduliwa na kijana aliyelinganisha picha za nyota zile zile za siku tofauti, hadi akaona kidoa kimoja kimesogea. Walieleza kwamba chombo kisicho na mtu kilisafiri zaidi ya miaka tisa kwenda kuitazama, kikakuta milima ya barafu ngumu kama jiwe, kisha kikaendelea mbele hadi kwenye kidunia kingine, kama viazi viwili vilivyogandana. Na Plutoni ilihamishwa hesabu kwa sababu kule mbali walikuwa wamegundua nyingine nyingi za barafu, jamaa zake.

Niliacha samaki nikaketi. Hilo mkurugenzi hakulisema. Alisema tu nane. Wataalamu waliibadilishia cheo, lakini hawakuacha kwenda kuitazama. Kwetu walibadilisha cheo, na hakuna aliyeshuka mteremko kuniambia.

Sina ugomvi tena na hesabu. Kinachoniuma ni kidogo kuliko hicho. Darasa lote lilijifunza siku ile kwamba Plutoni iko mbali, lakini mimi peke yangu ndiye niliyesimama huko, na hakuna aliyeniuliza jua linaonekanaje.

Basi nawajibu ninyi. Ni dogo sana, na ukipepesa macho linapotea. Lakini linaonekana. Mimi niliwaona wenzangu kule juu muda wote ule.