Gazeti Lililopigwa Pasi

Harufu ya siki kwenye kioo hunirudisha Aziziya, Jeddah, nyumbani kwa Madam Eleni, Mgiriki aliyezaliwa Istanbul. Mama alimfanyia kazi za ndani, Baba alikuwa dereva wa kampuni ya mumewe. Ikama zetu zote, yaani vibali vya kuishi nchini, zilitegemea nyumba ile.

Shule ikifungwa nilimfuata Mama, naye akanipa kazi ya kukunjakunja magazeti ya kufutia madirisha. Yalikuwa ya Kigiriki, yenye kurasa chache, na yalikuja kwa mafungu kila ndugu wa Madam aliposafiri kutoka Istanbul. Madam alipokwisha kuyasoma, Mama aliruhusiwa kuyatumia. Mama aliyasifu kama sabuni.

"La Kiarabu linakunywa siki yote halafu linakuachia ukungu," aliniambia. "La hawa Wagiriki, we tazama kioo!"

Siku moja rundo liliisha kabla ya dirisha la sebuleni. Mama akachukua karatasi kuukuu iliyokuwa peke yake mezani, akailowesha. Alikuwa amefuta nusu ya kioo Madam alipoingia.

"La, la, Agnes! Si hiyo!"

"Samahani, madam. Niliona ni ya zamani."

"Ya zamani, ndiyo. Ilikuwa inasubiri fremu."

Mimi nilishaanza kuwaaga rafiki zangu wa Ghulail, mtaani kwetu, moyoni.

Madam akaketi, akaitandaza ile karatasi magotini. Kwa Kiarabu kilichochanganyika na Kiingereza, akatueleza. Gazeti lilianzishwa na babu yake, likitoka kila siku huko Istanbul, katika jiji ambalo wasomaji wa Kigiriki walizidi kupungua. Kuna wakati watu wenye hasira walivunja mitambo yote. Asubuhi yake wakaazima mashine ndogo ya mkono, wakachapa ukurasa mmoja, upande mmoja. Ndio huo. Baba yake aliwajua wasomaji kwa majina. Akifa mmoja, walichapa tanzia yake, kisha kesho yake wakapunguza nakala moja.

"Na sasa?" nikauliza.

"Leo asubuhi limetoka."

Nikaitazama tena ile karatasi.

"Agnes," akasema, "washa pasi."

"Mimi, madam?"

"Nani mwingine? Mimi naunguza hata shuka."

Mama akaiweka karatasi katikati ya foronya mbili, akapitisha pasi ya moto mdogo taratibu, huku akiinua na kuchungulia. Herufi zilibaki, zimepauka. Pembe moja ilikuwa imekwenda na siki. Madam akaigusa kwa kidole. "Halas, basi imekwisha," akasema, akaomba kahawa.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama habari ya gazeti lisilokubali kufa. Nilikuwa mtu mzima, ninaandika habari Nairobi, nilipojua kwamba hata ofisini mwa gazeti hilo haikubaki nakala nyingine ya siku ile. Madam alilijua hilo alipotaka pasi iwashwe. Karatasi moja tu duniani, akairudisha kwenye mikono ileile iliyotoka kuilowesha, kisha akavuta kiti chake nyuma ili Mama apate nafasi.