Mzee wa Jirani

Mzee François alivua samaki Ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie, Kongo, hadi vidole vikampinda. Mkewe alipofariki, bintiye Léocadie, msusi wa nywele, alimchukua wakaishi wote katika chumba chake cha Berea, Johannesburg. Mzee akawa anashinda dirishani. Basi waumini wa kanisani kwa Léocadie walipopanga kwenda kuvua samaki waitwao besi katika bwawa moja nje ya jiji, akamwambia, "Twende, Papa." Hakuna muumini aliyekuwa amewahi kumwona mzee.

Bwawani wenzao walivaa miwani myeusi na vizibao vyenye mifuko kila mahali. Mzee alivaa koti lake la harusi. Akaazimwa fimbo ya kuvulia, na jua lilipopanda akanasa besi mnene. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kabla mtu hajasema neno akaokota jiwe, akamponda samaki kichwa, akampitisha unyasi shavuni, tayari kwa jikoni.

Kumbe pale samaki hupimwa, hupigwa picha, kisha hurudishwa majini akiwa hai. Mwenye bwawa akaja amefura, akafoka kwa Kiingereza. Valerie, Mkenya aliyeandaa safari ile, akamgeukia Léocadie.

"Kwani huyu mzee ni nani wako?"

Léocadie aliona macho yote yamemwelekea. "Ni mzee wa jirani tu," akajibu. "Aliomba kuja."

Alisema kwa Kiswahili, na mzee alikuwa karibu. Hakugeuka. Alimlaza samaki majanini, akapangusa mikono kwenye koti, akavua kofia mbele ya mwenye bwawa. "Pardon," akasema.

Wakati wa kurudi alikaa kiti cha nyuma kabisa. Basi lilipowashusha Berea, akasema mbele ya wote, kwa upole, "Asante kwa kunichukua, mama. Mungu akubariki." Kisha akasimama kando ya geti kama mtu anayeishi kwingine, mpaka basi likapita robot, taa za barabarani, na kupotea. Léocadie akaelewa kwamba baba yake hakuwa amenuna. Alikuwa anamsitiri. Hapo ndipo alipotamani ardhi ipasuke immeze.

"Papa, nisamehe," akasema walipoingia ndani.

"Nimekwisha kusamehe. Injika maji ya ugali."

Jumapili Léocadie alimvuta Valerie pembeni, mlangoni mwa kanisa. "Yule mzee ni baba yangu mzazi. Nilimkana."

Valerie akamshika bega. "Tulijua, dada. Mna kipaji kimoja cha uso."

Kwa hiyo walijua pale pale bwawani, na wote walimsikia akimkana. Léocadie hakubaki kwa ibada.

Mwezi uliofuata Valerie alimwalika mzee tena, akaahidi kumweleza mwenye bwawa. Mzee alishukuru, akakataa. "Miguu," akasema. Miguu yake haikuwa na neno. Kila asubuhi alitembea hadi Newtown na kurudi, peke yake, na Léocadie hakuthubutu kumwomba waongozane.